Mfarishi wa viraka vya kanga na lebo yake ya mkono

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Kwa nini wekundu wa kanga umeingia kwenye viraka vyeupe? Kwa nini pembe hazikutani? Bila cherehani inawezekana? Na lebo je, inashonwa mwanzo au mwisho? Mwongozo huu unakutoa kwenye kapu la mabaki hadi kwenye mfarishi uliokamilika wa sentimita 92 kwa 122, wenye jina la aliyeushona. Kipimo hicho kimechaguliwa kwa makusudi: kinamfaa mtoto mchanga, kinatosha mtu mzima kufunika magoti, na bitana yake inatoka kwenye upande mmoja wa kanga bila kuunga.

Mfarishi una matabaka matatu: uso wa viraka, tabaka la kati, na bitana ya chini. Yote matatu hushikwa na mishono inayopenya kutoka juu hadi chini. Elewa hilo tu kwanza, mengine utayaona ukiwa kazini.

Vya kutayarisha

- Mabaki ya pamba yanayotosha viraka 48 vya sentimita 17 kwa 17. Ukihesabu na kitakachopotea katika kukata, weka kama mita 2 za mraba.
- Upande mmoja wa kanga kwa bitana, yaani kanga moja kati ya mbili za doti. Kila upande una takriban sentimita 150 kwa 110; wewe utatumia 130 kwa 100.
- Shuka kuukuu la pamba au blanketi jembamba kwa tabaka la kati, nalo 130 kwa 100.
- Nusu mita ya kitenge au poplini kwa ukingo.
- Kipande cha amerikani au poplini nyeupe kwa lebo, sentimita 22 kwa 17.
- Rili 2 za uzi wa kushonea, uzi wa kudarizi wa rangi iliyokoza, sindano za mkono na pini.
- Mkasi wa kitambaa pekee. Mkasi uliokata karatasi hutafuna kanga.
- Chaki ya fundi, penseli, tepu, rula ndefu, pasi, na kastabini (kofia ya kidole ya kusukumia sindano) kama unayo.
- Kadi ngumu ya kutengenezea kigezo. Ubavu wa boksi unatosha.
- Cherehani ukiwa nayo, ya miguu au ya umeme. Sindano namba 14 kwa kuunga viraka, namba 16 kwa matabaka matatu.

Tepu nyingi za mafundi zina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Chagua sentimita na usiigeuze tepu mpaka kazi iishe.

Mabaki yapo kwa kila fundi, iwe Mchangani mjini Unguja au Chake Chake na Wete kule Pemba. Ila uliza kwanza. Kitambaa kilichobaki baada ya kukata gauni bado ni mali ya aliyekileta, na fundi mwaminifu humrudishia mwenyewe. Chukua kile ambacho mwenyewe amekiacha kwa ridhaa.

Kabla ya mkasi: chagua na ufue

Usianze kukata siku hiyo hiyo ulipopata mabaki. Karibu kila mfarishi unaoharibika huwa umeharibikia hapa, hata kama kasoro itaonekana baada ya miezi.

Tenga pamba na isiyo pamba. Kanga, poplini na amerikani huenda pamoja. Vitenge na madera vichunguze, maana vyengine ni pamba na vyengine vina poliesta ndani yake. Kitambaa cha buibui kiache kabisa: kinateleza, hakishiki mkunjo wa pasi, na moto unaoifaa pamba hukiyeyusha. Ukiwa na shaka, chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano, uziwashe juu ya sahani yenye maji. Pamba huungua upesi kwa harufu ya karatasi, na jivu lake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha punje ngumu.

Kisha inua kila kipande mbele ya dirisha. Kikipitisha mwanga mahali pamoja zaidi ya pengine, pamechakaa. Kata pazima, tupa palipolika. Kiraka dhaifu kikizungukwa na vizima ndicho kinachochanika kwanza.

Sasa fua. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani unaoifanya ionekane nzito, na ikifuliwa hurudi, yaani hupungua kipimo. Ukishona kabla haijarudi, itarudi ndani ya mfarishi na kuvuta vyote vilivyo jirani yake. Fua rangi zilizokoza mbali na nyeupe, na rudia mpaka maji ya kusuuzia yawe safi. Watu wengi huloweka kwenye chumvi wakiamini rangi itashika. Chumvi hufanya kazi wakati wa kutia rangi; kitambaa kilichokwisha kutiwa hakifungi rangi yake kwa kulowekwa chumvi nyumbani. Kinachosaidia ni kuitoa ile iliyozidi. Kipime hivi: lowesha kipande, kiweke juu ya kitambaa cheupe, kipige pasi ya moto. Weupe ukipata rangi, rudi kwenye beseni. Kinachotoa rangi baada ya kufuliwa mara 4 au 5 hakifai kukaa na weupe, hata kiwe kizuri vipi.

Anika kivulini, piga pasi kikiwa na unyevu kidogo. Kwa pasi ya mkaa, ipulize majivu nje kwanza na uijaribu juu ya kitambaa kibovu.

Hatua za kazi

1. Tengeneza kigezo. Kata kadi mraba wa sentimita 17. Pima pande zote nne, kisha pima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari mara mbili. Vipimo viwili vya mshazari visipolingana, mraba wako umelala upande, na viraka 48 vitalala nao.

2. Kata viraka. Laza kigezo sambamba na nyuzi za kitambaa. Nyuzi za urefu, yaani mtande, hazivutiki. Za upana huvutika kidogo. Ukikata mshazari, kiraka kitavutika kama mpira na hakitarudi kilivyokuwa. Chora kwa chaki upande wa ndani, kata juu ya mstari. Vipande 2 kwa pamoja vinatosha. Ukibeba 4, cha chini huteleza.

   Kwenye kanga, tumia sehemu zake kwa akili. Ua la mji, yaani sehemu ya kati ya kanga, likae katikati ya kiraka. Pindo hutoa mistari mizuri ya kuunganisha. Jina, yaani maneno ya kanga, ukilitaka liwe kiraka, acha angalau sentimita 2 kila upande wa herufi, kwa sababu mshono utameza 1. Na lisome lote kabla ya kulikata: neno likikatwa nusu linaweza kusema jengine, na jina la mafumbo halipelekwi kwenye zawadi ya harusi. Majina yenye kumtaja Mwenyezi Mungu usiyaweke kwenye mfarishi utakaolaliwa au kuwekwa miguuni.

3. Okoa vidogo. Vipande visivyofika sentimita 17 usivitupe. Kata shuka kuukuu mraba wa 18. Weka kipande kimoja katikati, uso juu. Laza cha pili juu yake, uso kwa uso, shona ubavu mmoja kupenya hadi kwenye shuka, kifungue, kipige pasi. Zunguka hivyo mpaka mraba ujae, kisha upunguze hadi 17 kwa kigezo. Viraka vya aina hii ni vizito kidogo, basi visizidi 12 katika 48 na visikae ukingoni.

4. Panga. Tandaza vyote sakafuni, 6 kwa upana na 8 kwa urefu. Kanga ina kelele nyingi za rangi. Ukiziweka zote pamoja jicho halipati pa kutua. Viraka 16 vya rangi moja isiyo na maua, nyeupe au ya samli, huipa nafasi kanga isomeke. Piga picha kwa simu, iweke bila rangi. Hapo utaona wapi giza limejazana. Hamisha, piga tena. Ukiridhika, andika namba ya safu kwenye karatasi na uibane kwa pini kwenye kiraka cha kwanza cha kila safu.

5. Unga safu. Uso kwa uso, mshono wa sentimita 1. Kwa cherehani, urefu wa mshono uwe milimita 2.5. Kwa mkono, mshono mfupi wa milimita 3, na kila baada ya mishono 5 rudi nyuma mmoja ili uzi usilegee. Ndiyo, bila cherehani inawezekana kabisa; inataka siku zaidi, basi. Safu iliyokamilika ipime: viraka 6 lazima viwe sentimita 92. Ikiwa 90 au 94, mshono wako si sentimita 1. Fumua sasa, kabla hujafika safu ya tatu.

6. Piga pasi kwa zamu. Safu ya 1, laza mishono yote kulia. Safu ya 2, yote kushoto. Endelea hivyo. Safu mbili zikikutana, mishono itajifunga yenyewe kwa sababu unene umeelekea pande mbili. Hili ndilo jibu la pembe zisizokutana, na ndilo linalorukwa zaidi kuliko yote. Pasi uibonyeze na kuinyanyua. Ukiiburuza, unavuta kitambaa.

7. Unga safu zote 8. Bana pini kwenye kila makutano kabla ya nafasi zilizo katikati. Uso uliokamilika uwe 92 kwa 122. Zichomoe pini zote siku hiyo hiyo. Kwa unyevu na hewa yetu ya chumvi, pini iliyolala kwenye kitambaa wiki moja huacha doa la kutu.

8. Panga matabaka. Kwenye sakafu ya saruji au vigae, si juu ya mkeka. Laza bitana uso chini, ivute inyooke bila kuikaza, ishike kwa utepe wa gundi pembeni. Juu yake tabaka la kati, kisha uso wa viraka, uso juu. Bitana na tabaka la kati vitazidi sentimita 4 kila upande. Ziada hiyo inahitajika.

   Tabaka la kati lisiwe na maua meusi, yataonekana kupitia viraka vyeupe. Sponji haifai. Sufi ya mto nayo, ingawa miti yake tunayo, huhama na kukusanyika pembeni mfarishi ukifuliwa; ibaki kwenye mito.

9. Piga bandi, yaani mishono ya muda ya kushikilia. Anza katikati ukienda nje, mishono mirefu ya sentimita 4 hadi 5, mistari iachane sentimita 10 kwa urefu na kwa upana. Tumia uzi wa rangi tofauti ili uuone wakati wa kuutoa. Mtu akitaka kuruka hatua hii kwa kuweka pini chache, bitana itakunjamana, na kufumua matabaka matatu ni kazi kubwa kuliko kupiga bandi mara mbili.

10. Shika matabaka. Kwa cherehani, badilisha sindano iwe namba 16, refusha mshono hadi milimita 3 au 3.5, punguza ukazaji wa uzi. Shona mstari wa katikati kwanza, kisha mmoja kulia, mmoja kushoto, ukielekea nje. Pita sentimita 1 kando ya mshono wa kuungia, mistari isiachane zaidi ya sentimita 15. Kwa mkono, mishono ya milimita 3 hadi 4.

    Njia ya mkato iliyo ya haki: vifundo. Kwenye kila makutano ya viraka vinne penyeza uzi mara mbili, funga kifundo maradufu, acha ncha za sentimita 2. Makutano ni 35. Kwa mfarishi wa mtoto mchanga usiache ncha. Zifiche ndani, maana atazinyonya.

11. Sawazisha. Kata ziada ya bitana na tabaka la kati sawasawa na uso. Ng'oa bandi. Sasa simama. Lebo inaingia hapa, kabla ya ukingo.

Lebo

Lebo ndiyo watu wanayoiacha mwisho, kisha hawaishoni. Baada ya miaka 20 mfarishi unakutwa kabatini na hakuna anayejua kama ni wa bibi mzaa mama au ulinunuliwa. Kazi ya wiki nyingi imekosa mwenyewe. Tafadhali usiiruke.

Andika kwanza kwenye karatasi. Nafasi ya maandishi ni sentimita 12 kwa 8, yaani mistari isiyozidi 6, kila mstari usizidi herufi 20. Mfano unaotosha:

Umeshonwa na (jina lako)
kwa (jina la anayepewa)
Wete, Pemba
Septemba 2025
Pamba tupu
Ufuliwe maji baridi

Ukipenda mwaka wa Hijria, weka Mfunguo Sita 1447 badala ya kuandika mwezi peke yake, au uweke tarehe zote mbili na kuacha mstari wa pamba. Mwaka lazima uwe kamili kwa tarakimu nne. Kama viraka vina asili ya kukumbukwa, kwa mfano kanga za marehemu au sare za skuli za watoto, hilo nalo lina haki ya mstari kuliko maneno ya mapambo.

Chemsha wanga wa muhogo mwepesi, kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha maji, upake kitambaa cha lebo, ukikaushe na kukipiga pasi. Kitasimama kama karatasi, na penseli itapita bila kukivuta. Piga mistari hafifu ya penseli: herufi milimita 8, nafasi kati ya mistari milimita 6. Herufi ndogo kuliko hapo, matundu ya "a" na "e" huziba.

Uzi wa kudarizi huwa na nyuzi 6 zilizosokotwa pamoja. Tenganisha 2 tu, urefu usiozidi sentimita 45. Tokeza sindano, irudishe nyuma milimita 2 kwenye tundu la mshono uliotangulia, uitokeze tena milimita 2 mbele ya uzi. Kwenye mviringo punguza iwe milimita 1. Usianze kwa fundo. Acha mkia nyuma na uufungie chini ya mishono ya mwanzo. Usivushe uzi kutoka neno moja hadi jengine kwa nyuma, utaonekana mbele kama kivuli. Rangi iwe iliyokoza na iliyofuliwa, kwa sababu nyekundu na nyeusi za kudarizi nazo hutoa rangi.

Kalamu inawezekana, lakini iwe ya wino usiofutika uliotengenezwa kwa kitambaa. Peni ya kawaida husambaa ikilowa na hufifia. Kwa zawadi ya maisha, sindano ndiyo inayodumu.

Ukimaliza, fua lebo utoe wanga na penseli. Wanga ukibaki huita mende na wadudu wa kabatini. Ipige pasi uso chini juu ya taulo ili herufi zisilale bapa. Ipunguze hadi 18 kwa 14, ukiacha maandishi sentimita 3 kutoka pande mbili zitakazoingia kwenye ukingo: ya chini na ya kushoto.

Kunja pande nyengine mbili sentimita 1. Geuza mfarishi bitana juu, weka lebo kwenye pembe ya chini kushoto, ipige bandi nusu sentimita kutoka ukingoni. Pande mbili zilizokunjwa zishone kwa mkono kwa mishono iliyofichika, ukishika bitana tu, isitokee usoni.

Ukingo

12. Kata vipande 5 vya upana wa sentimita 7 kutoka upana wote wa kitenge. Viunge kwa mshazari viwe utepe mmoja mrefu, uupige pasi ukiwa umekunjwa katikati kwa urefu. Mzunguko wa mfarishi ni sentimita 428. Ziada itabaki, na ni afadhali kuliko kupungukiwa.

13. Anzia katikati ya ubavu, si pembeni. Kingo mbichi za utepe ziweke sawa na ukingo wa mfarishi upande wa uso, mshono sentimita 1. Ukikaribia pembe simama sentimita 1 kabla, toa kitambaa, kunja utepe juu kwa nyuzi 45, urudishe chini, endelea ubavu wa pili. Usiuvute utepe hata kidogo.

14. Geuza utepe nyuma ufunike mstari wa mshono, shona kwa mkono. Lebo imefungwa pande mbili ndani ya ukingo, na haiwezi kung'oka bila kuufumua wote.

Ikiharibika

*Kingo zina mawimbi.* Utepe ulilegea au viraka vya ukingoni vilikatwa mshazari. Fumua ubavu huo tu, upige pasi kwa mvuke, shona upya. Ukingo ukijikunja ndani, ni kinyume chake: utepe ulivutwa.

*Bitana ina mikunjo.* Bandi zilikuwa mbali mbali. Mkunjo mdogo fumua mistari miwili jirani, laza, shona tena. Mikunjo kila mahali, badilisha kwa vifundo.

*Cherehani inaruka mishono.* Sindano butu au nyembamba kwa unene huo. Ibadilishe kabla ya kugusa kitu chengine. Bado? Safisha vumbi la pamba chini ya meno, weka tone moja la mafuta, kisha shona kitambaa kibovu mpaka mafuta yasionekane.

*Rangi imehama baada ya kufua.* Usikaushe wala kupiga pasi. Urudishe papo hapo kwenye maji mengi ya baridi na sabuni, badilisha maji kila yanapopata rangi. Doa likishakauka kwa joto, mara nyingi limekaa.

*Doa la kutu.* Ndimu na jua, mahali peupe tu. Kwenye rangi jaribu kwanza pembeni, ndimu hupausha.

*Madoadoa ya ukungu wakati wa masika.* Anika juani, piga brashi nje ya nyumba, kisha fua. Mfarishi uliohifadhiwa na unyevu utaota tena, kwa hiyo ukaushe siku nzima kabla ya kuufungia kabatini, na uutoe kupunga upepo kila mwezi wa mvua. Udi unanukisha tu, hauondoi ukungu. Ukiweka karafuu kwa ajili ya wadudu, zitie kwenye mfuko mdogo wa kitambaa zisiguse mfarishi. Mafuta yake huacha doa la manjano, na doa hilo hupenda sana kutokea juu ya lebo nyeupe.